Unga Kwenye Kopo la Vifungo

"Unasikia hapa?" daktari aliuliza, kidole chake kikiwa kimebonyeza unyayo.

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo." Mgonjwa akafikiri, akatikisa kichwa. "Hapana, nakudanganya, daktari. Hapo nako sisikii."

Mkewe alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia kifuani kama vile kuna mtu anataka kumpokonya. Mtaani wanamwita Fundi, kwa sababu ya cherehani iliyoko sebuleni kwake, na mumewe wanamwita Boflo, yaani mkate, kwa sababu ameoka mikate miaka ishirini na sita. Siku kumi kabla, Boflo alikanyaga trei ya moto pale bekari na hakujua. Mwenzake ndiye aliyesema, "Jamani, mbona kuna kitu kinaungua?" Wakakagua tanuri, wakakagua magunia, kumbe ni ndala ya Boflo imeyeyukia kwenye unyayo wake, na yeye mwenyewe amesimama hapo hapo akiwasaidia kutafuta.

"Sukari yako ni kumi na tisa," daktari alisema. "Kwa sukari hiyo kidonda hakifungi ng'o. Nakupa wiki sita. Ikishuka, kitapona na utatembea. Isiposhuka, tutakata hapa." Akapitisha kiganja chini ya goti, kama muuza soksi anayeonyesha urefu.

Fundi ndiye aliyeuliza habari za chakula. Daktari akahesabu kwa vidole: wanga wote basi. Mkate, wali, viazi, biskuti, chochote cha unga. Ale mboga, mayai, jibini, nyama, ale mpaka ashibe, ila unga asiuguse.

"Daktari," Boflo alisema, "umenifukuza kazi na umenifukuza mezani siku moja."

Daktari hakucheka. Alikuwa na wagonjwa wengine thelathini kwenye benchi.

Siku hiyo hiyo Boflo aliusafisha mwenyewe ubao wake wa kukandia unga jikoni. Mfuko wa unga akampa jirani, chekecheo akalitundika juu ya msumari asioufikia tena bila kupanda kiti, na ubao akaupangusa kwa kitambaa kibichi mara tatu. Nyumba ikawa haina unga hata wa kubandikia karatasi. Fundi alimwangalia akipangusa, akajiambia huyu mguu wake haukatwi, haukatwi mimi nikiwa hai.

Mashine ililetwa na wifi. Huyu ni dada mkubwa wa Boflo, mwanamke wa ofisini, mwenye roho nzuri na mdomo usiopumzika. Alishuka kwenye teksi amelikumbatia boksi, akahakikisha majirani wote wamemwona.

"Hii ndiyo ea fraya," akasema, akiiweka mezani na kuzisogeza nguo za wateja bila kuuliza. "Inakaanga kwa upepo. Mafuta kidogo tu. Mimi yangu nilinunua kubwa zaidi, hii ya zamani nikasema nimpe mdogo wangu. Wifi, wewe mkono wako kwenye cherehani ni mzuri, ila jikoni nakujua. Fuata maelekezo, usibuni."

"Ahsante, wifi."

"Usibuni, nasema."

Boflo aliizunguka ile mashine akiikagua, maana kwake kitu chochote chenye moto ndani ni ndugu wa tanuri. Alikifungua kikapu, akachungulia feni juu yake, akakifunga. "Huyu mgeni," akasema, "ana tumbo kubwa na makelele mengi. Atakaa na sisi vizuri." Tangu siku hiyo ikaitwa Mgeni.

Kumbe Mgeni ana tabia zake. Siku ya kwanza Fundi alikata biringanya nyembamba za kutengeneza kaukau, vipande vikavu vya kutafuna, akachovya kwenye yai lililopigwa, akanyunyiza jibini na ufuta kama simu ilivyomwelekeza, akaweka dakika kumi na mbili. Zikatoka zimelegea. Boflo alinyanyua kimoja kwa ncha za vidole, kikaning'inia.

"Fundi, hiki ni chakula au kiraka?"

Siku ya pili alijaribu majani ya kabichi. Feni ikayapeperusha yakaenda kunasa juu kwenye waya wa moto, nyumba nzima ikajaa moshi, na mteja aliyekuja kuchukua gauni akalikataa mpaka lifuliwe. Siku ya tatu jibini tupu, likaganda kwenye kikapu likawa la kukwangua kwa kisu. Boflo alikula alichopewa, siku zile za mwanzo, na kila siku alikuwa na neno la kuchekesha. Kufika siku ya sita neno la kuchekesha halikuja. Alitafuna mara mbili, akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujala."

"Nimeshiba, mama. Niache."

Akageukia ukutani. Alasiri ile dawa zikamkuta na tumbo tupu, akaanza kutetemeka na kutoka jasho mpaka shuka likalowa, Fundi akimpepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo na kumwita jina. Alipotulia alisema kitu kimoja tu, na alikisema bila hasira. "Mtu ameoka vitu vikavu maisha yake yote. Halafu anakufa anatafuna kitambaa kibichi."

Fundi alikwenda uani akalia, akaosha uso, akarudi kushona.

Jumanne yake alikwenda duka la kona, akaomba robo ya unga wa ngano.

"Siku hizi mnaruhusiwa?" muuza duka aliuliza, maana mtaa mzima ulikuwa unajua.

"Wa gundi," Fundi alisema. "Nabandika karatasi za vipimo."

Aliuficha kwenye kopo la vifungo, lile la bati linalokaa kwenye droo ya cherehani, ambalo mwanamume yeyote hana sababu ya kulifungua. Vifungo akavimimina kwenye soksi. Mchana, Boflo akiwa amesinzia kwenye kiti, alichukua kijiko kimoja tu, akakichanganya na jibini na ufuta, akapakaa vipande vya biringanya. Kijiko kimoja. Alijiambia kijiko kimoja kwenye sahani nzima si kitu, ni sawa na vumbi. Mgeni akanguruma dakika zake, akalia, na Fundi alipovuta kikapu alijua kabla hajagusa. Zilikuwa zimesimama.

Sasa, Boflo alikuwa na tabia ya waokaji. Mkate ukitoka tanurini, yeye haulizi macho. Anaugeuza, anaugonga chini kwa kifundo cha kidole, anausikiliza. Kwa hiyo aliposhika ile kaukau akaiona ngumu, hakuitia mdomoni. Aliipeleka sikioni, akaivunja.

Kacha!

Akabaki hivyo, vipande viwili viko sikioni, hatafuni wala hasemi. Alimwangalia mkewe. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameinamia upindo wa suruali, sindano imekwama katikati ya kitambaa.

"Umefanyaje?" Boflo aliuliza.

"Nimezikausha kwanza kwa taulo. Na moto nimeongeza."

"Taulo."

"Ee."

"Taulo linasaidia," Boflo alisema taratibu. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha tumboni, akala sahani yote, akalamba kidole akaokota ufuta uliobaki mmoja mmoja. Fundi alicheka naye. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Na mimi nasema, atakayemlaumu yule mwanamke kwa kicheko cha siku ile, basi hajawahi kumuuguza mtu anayekataa kula.

Kijiko kimoja kikawa viwili, kwa sababu siku moja kaukau zililegea kidogo naye akaona uso wa mumewe unabadilika. Viwili vikawa vinne. Kisha akaacha kupima, na robo ikiisha anarudi duka la kona. Boflo akaanza kunyanyuka kitandani mapema, akaanza tena kuwatania wateja, akaanza kukaa jikoni na kutoa maagizo. "Usijaze kikapu, Fundi, upepo upate njia. Bibie, tanuri ni tanuri." Alikula asubuhi, akala mchana, akala jioni. Si daktari alisema ale ashibe? Majirani waliokuja kumjulia hali walionja, wakasifu, wakaomba wafundishwe, na Fundi akawaambia siri ni taulo.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuchukua suti yake nyeusi. Akaigeuza mwangani, akapitisha kidole kwenye bega, kidole kikatoka cheupe.

"Fundi, hii ni nini?"

Fundi aliisukuma droo ya cherehani kwa goti ikafunga. Mwalimu alikuwa tayari anapeleka kidole puani.

"Chaki hiyo, mwalimu," Boflo alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Hizi chaki za siku hizi ni vumbi tupu, hata mimi zinanipigisha chafya. Lete hapa." Akachukua brashi, akaipiga ile suti mpaka ikang'aa, akiongea mfululizo juu ya bei ya chaki. Mwalimu akaondoka ameridhika nusu. Fundi alimshukuru Mungu moyoni kwa kumpa mume asiyejua kutofautisha chaki na unga.

Kipimo cha wiki ya pili kilikuwa ishirini na moja.

Muuguzi wa chumba cha kupimia alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kwenye foleni. Na sauti hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia, mlango ukiwa wazi na benchi limejaa. "Boflo! Badala ya kushuka unapanda? Mkate huo!"

"Haki ya Mungu, sista, sijaugusa."

"Wote mnasema hivyo. Mwingine jana kaapa huku makombo yapo kwenye ndevu."

Benchi likacheka. Boflo naye akacheka, mkono ukienda kidevuni bila yeye kutaka. Fundi alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani, akalisoma toka juu hadi chini, akarudia. Moyoni alijiambia leo naacha. Na kweli aliacha, siku tatu. Siku ya nne Boflo akaacha nusu sahani, na yeye akafungua lile kopo. Afadhali ale kidogo kuliko asile kabisa, alijiambia. Tena likamjia wazo jingine, tamu kuliko yote: labda anakula mkate kweli. Boflo huyu huyu? Anaoka miaka ishirini na sita, leo aache kwa wiki mbili? Anakula. Lazima anakula kwa siri. Akalishika wazo hilo, likampa usingizi.

Wiki ya nne ilikuwa ishirini na mbili, na kidonda kilikuwa na ukingo mweusi. Safari hii muuguzi hakupiga kelele. Alivuta kiti, akamgeukia mke.

"Mama, hebu niambie. Nyumbani unampikia nini hasa?"

"Mboga, sista. Mayai. Kaukau za biringanya, kwenye ea fraya."

"Kaukau. Zinakauka?"

"Zinakauka vizuri."

"Biringanya na yai?" Muuguzi alikunja uso. "Mimi nimejaribu nyumbani kwangu, zinatoka kama mlenda. Wewe unaweka nini mpaka zinakauka?"

Fundi alifungua mdomo, na hata yeye hajui mpaka leo angesema nini.

"Ni mimi, sista," Boflo alisema.

"Wewe nini?"

"Nakula mkate. Mke wangu hana kosa, anapika kama mlivyosema. Napita bekari kila siku, wananipa. Nilidanganya ile siku."

Muuguzi alishusha pumzi ndefu, akaandika kwenye faili, akisoma kwa sauti anachokiandika: mgonjwa anakiri kula mkate. Wifi akapigiwa simu, maana ndiye aliyeandikwa kama ndugu wa karibu mwenye namba inayopatikana, na sauti yake ikasikika chumba kizima kutoka kwenye spika: "Mguu na mkate, kaka yangu umechagua mkate? Nimekununulia mashine mimi!"

Njiani Fundi alimfokea mumewe. Ndiyo, alimfokea, na aibu ya hilo ndiyo inayomla mpaka leo kuliko mengine yote. Alikuwa ameutua mzigo wake, kumbe si yeye, kumbe ni Boflo, na ule wepesi ulimtoka mdomoni kama hasira. "Mimi nasimama kwenye moto tangu asubuhi, wewe unaenda kuomba mikate kama mtoto! Watu wazima hatuna aibu?" Watu walisimama kutazama. Boflo alikuwa akichechemea na fimbo yake, hatua moja nyuma, anaitikia, "Naam. Naam, mama. Kweli."

Walipofika nyumbani, Fundi alimvua koti ili apekue mifuko. Akatia mkono, akagusa makombo. Moyo ukaruka kwa furaha, Mungu amsamehe, kwa furaha. Akayatoa kwenye mwanga wa dirisha, akaona ufuta. Akaonja. Biringanya na jibini. Zilikuwa kaukau zake mwenyewe, alizozibeba Boflo azitafune njiani.

Kesho yake alikwenda bekari. Waokaji walikuwa wanapakua, mikono yao myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Boflo?" kijana wa tanuri alishangaa. "Shemeji, hajakanyaga hapa tangu siku ya ile trei. Juzi nilimwona ng'ambo ya barabara, nikamrushia mkate wa moto kwa utani. Akaudaka, akaunusa, akanirudishia. Akasema, mke wangu ananipikia."

Fundi alishukuru, akaondoka haraka kabla hawajamwona uso. Nyumbani aliutoa unga wote akaumwaga chooni, akavuta maji mara mbili, akalisugua kopo kwa majivu mpaka mikono ikawaka. Hakumwelewa mumewe. Kwa nini mtu akiri kosa ambalo hakulifanya? Mara mbili alianza kumuuliza, mara mbili akaishia kuuliza kama anataka maji.

Kuanzia siku hiyo kaukau zilitoka zimelegea. Boflo aliipeleka ya kwanza sikioni, akaivunja, haikusema kitu. Alimtazama mkewe kwa muda. Kisha akala. Alikula yote, na ya kesho yake, na ya keshokutwa, bila mzaha na bila kulalamika, akimeza kwa maji kama anavyomeza dawa. Wiki mbili nzima hakubakiza.

Wiki ya sita kipimo kilikuwa tisa. Muuguzi alipiga makofi. "Ona sasa! Ukiamua unaweza! Mngefanya hivi tangu mwanzo…" Akanyamaza, kwa sababu daktari alikuwa ameinua picha ya eksirei ya mguu dirishani na alikuwa haongei.

"Mfupa umeshaoza," daktari alisema hatimaye. "Sukari imeshuka, na hiyo itatusaidia kwenye upasuaji. Lakini mguu umechelewa."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Boflo alilazwa cha dirishani. Asubuhi ya kukatwa, Fundi alikuja mapema, akavuta kiti karibu sana, akaongea akiangalia blanketi.

"Kulikuwa na unga."

"Najua."

"Hujui. Kwenye kaukau. Mimi mwenyewe nilikuwa…"

"Tangu ile Jumanne," Boflo alisema. "Siku hiyo kilikuwa kijiko kimoja. Siku chache baadaye vikawa vitatu au vinne. Wakati wa suti ya mwalimu ulikuwa unamimina tu."

Fundi aliinua uso. Mumewe alikuwa anatabasamu.

"Yai na jibini zikivunjika zinasema puu. Unga ndio unaolia. Uliniona nimeiweka sikioni, ukadhani nafanya nini, nampigia mtu simu?"

"Kwa nini hukusema?"

Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja alikuwa anakohoa, wakangoja amalize.

"Usinifanye malaika," Boflo akasema. "Nilikuwa na njaa, na ilikuwa tamu. Hilo ndilo la kwanza, na hilo tu lilitosha. Lakini pia nilikuona pale kwenye kigoda. Umeshika upindo, hupumui. Nikasema nikimwambia huyu sasa hivi, hatapika tena kitu kwa moyo mkunjufu. Acha nile leo, nitamwambia kesho. Na nadhani wewe ulikuwa unasema kesho utaacha."

"Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Kila siku."

"Basi. Mguu huu tumeula wawili."

Fundi aliweka kipaji cha uso kwenye ukingo wa godoro, akalia bila sauti kwa sababu ya wagonjwa wengine, mabega yakiruka. Boflo alimpapasa kichwa kwa ule mkono mkubwa wa kukandia unga.

"Nisikilize kabla hawajaja," akasema. "Hili ni letu. Kwa watu, nilikula mkate. Boflo kakatwa mguu kwa mkate, nani atashangaa? Dada akijua, hatakuacha mpaka unaingia kaburini. Umenisikia? Mkate."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Wakaja wawili na kitanda cha magurudumu, wakamchukua.

Wifi alimkuta kwenye korido. Alikuwa amelia garini, poda imechora mistari, na alipomwona Fundi machozi yakageuka maneno, kama kawaida yake.

"Mkate! Mtu mzima, mke anapika, dada ananunua mashine, yeye anakwenda kuomba mkate! Mama yetu angekuwa hai angekufa tena. Mguu mzima, wifi! Hana haya, kaka yangu, hana haya hata kidogo!"

Watu wa kwenye benchi waligeuka. Mwanamke mmoja alitikisa kichwa, akasema, "Wanaume ndivyo walivyo na matumbo yao." Fundi alikuwa amesikia "naam, mama" za siku ile barabarani, alikuwa anazisikia bado. Alikumbuka alichoagizwa. Alikumbuka pia mkate wa moto uliodakwa, ukanuswa, ukarudishwa.

"Hakula mkate, wifi."

"Alikiri mwenyewe!"

"Hakula hata kipande. Unga niliweka mimi. Kwenye kaukau, ili zikauke, ili ale. Alikuwa hali. Niliuficha kwenye kopo la vifungo. Aliyesingiziwa ni yeye, na mimi nilikaa kimya, nikamfokea na mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu Fundi aolewe katika ule ukoo, wifi hakuwa na neno. Lilipokuja lilikuwa dogo.

"Mashine yangu nitaifuata leo," akasema, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Hakuna aliyekaa katikati yao. Baadaye mlango ulifunguliwa, mhudumu akatoka na mfuko wa plastiki, akauliza ndugu wa Boflo ni nani, akampa Fundi ndala za mgonjwa. Zilikuwa mbili.

Jioni wifi alifika kweli. Mgeni alikuwa ananguruma juu ya meza, dakika kumi na moja zimebaki.

"Nasubiri," wifi alisema. Hakukaa.

Walisimama wawili jikoni, wakisikiliza feni. Ubao wa unga ulikuwa mtupu, na chekecheo lilikuwa bado juu ya msumari wake. Mashine ilipolia, Fundi alivuta kikapu, na wifi akanyoosha mkono akachukua moja. Ilining'inia. Akaitia mdomoni, akaitafuna kwa muda mrefu.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akila?"

"Wiki mbili za mwisho. Ndiyo."

"Na halalamiki?"

"Halalamiki."

Wifi aliziba mdomo kwa kiganja, macho yakajaa. Fundi alidhani atasema imetosha, abaki nayo. Lakini wifi alichomoa waya, akaizungushia mashine kitambaa kwa sababu ilikuwa bado ya moto, akaikumbatia akatoka nayo, analia mpaka kwenye teksi.

Kesho yake, saa ya kuwaona wagonjwa, Boflo alikuwa macho. Blanketi upande mmoja lilikuwa limelala chini. Fundi alijikaza asitazame hapo, akatazama, akakaa.

"Umemwambia," Boflo alisema. Haikuwa swali. Dada yake alishapita asubuhi.

"Nimemwambia. Mbele za watu."

Boflo alifumba macho. Chozi likamtoka pembeni, likaingia sikioni, hakulifuta. "Sina kazi, Fundi. Sina mguu. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja cha kukupa, kukubebea hii lawama, na umekirudisha."

"Singeweza kukibeba."

"Najua." Akafumbua macho. "Nina njaa."

Fundi alifungua mkoba, akatoa kopo la bati, lile lile la vifungo, limesuguliwa mpaka linawaka. Kaukau za jana zilikuwa zimezidi kulegea. Boflo alichukua moja, akaipeleka sikioni, akaivunja. Hakukuwa na sauti yoyote.

"Haina unga," akasema.

"Haina."

Akaila. Akameza kwa shida, akanyoosha mkono, na Fundi akampa nyingine, na nyingine, moja moja, huku akilia waziwazi sasa, bila kujali wagonjwa wengine. Kila moja Boflo aliipeleka sikioni kwanza, mpaka kopo likaisha.